Chukua Ulichokileta

Mie nikiudhiwa sisahau. Watu wa mtaa wetu wa Mabawa wanaonijua watakwambia: Asmahani binti Rahimu ukimkanyaga mguu leo, atakukumbusha siku ya harusi ya mwanao. Sijivunii, wala sioni haya. Basi nitakueleza habari ya Harub na shamba la mama yake, kisha weye uamue kama nilizidisha. Mie mwenyewe nishaamua.

Shamba lenyewe liko Mwambani, nje kidogo ya mji, na kuliita shamba ilikuwa heshima tu. Nilipopewa, kulikuwa na mchanga mweupe, matumbawe yamechomoza kila mahali, na miiba. Mbuzi wenyewe walikuwa wakipita hawasimami. Mwenyewe alikuwa Bi Zeyana, Mwarabu wa Raskazone, wa zile nyumba kubwa za zamani, aliyerithi ardhi huku na huko, nyingine hata mipaka yake haijui. Mie nilikuwa nikimpelekea mboga mlangoni, nanunua kwa watu nazungusha. Siku moja akanikalisha barazani, akaniambia, "Asmahani, utabeba mboga za watu mpaka lini? Nenda Mwambani ukalime. Kodi sitaki. Lakini sharti unalijua."

Nililijua. Hapa kwetu pwani kila mtu analijua. Ardhi kitu mbali, mti kitu mbali. Ardhi yaweza kuwa ya Bi Zeyana, na mnazi uliosimama juu yake ukawa wako, kwa sababu umeupanda weye. Na ukishakuwa na mti, una neno katika ardhi ile. Unaingia unapotaka, unaangua nazi zako, na mwenye ardhi akitaka kukutoa lazima mkae mzungumze akuridhishe. Ndiyo maana anayekuazima shamba atakwambia panda mchicha, panda bamia, panda chochote cha kufa mwakani, ila mti wa kudumu usithubutu. Bi Zeyana hakunikataza kwa ubaya. Ndivyo alivyomkataza kila mtu, na mama yake kabla yake.

"Bibi," nikamwambia, "mti sipandi."

Na sikupanda. Kwa mpapai tulibishana kidogo, yeye akiuita mti, mie nikisema mpapai ni mboga iliyorefuka tu. Akacheka, akanipa ruhusa. Lakini mchungwa, mdimu, mnazi, hata mstafeli, sikugusa. Mbegu ya embe ikijiotea yenyewe kwenye lundo la takataka, nilikuwa naing'oa kwa mkono wangu.

Nilichofanya mie ni kuleta udongo. Samadi niliifuata kwa wafugaji, nikabebewa na mdogo wangu Safari kwenye guta lake, ile pikipiki ya mizigo yenye miguu mitatu. Majani makavu niliyafagia kwenye nyua za watu wa Raskazone, wao wakidhani nawafanyia hisani. Makumbi ya nazi niliyaomba kwa wauza madafu. Majivu kwa mama lishe. Mwani niliukusanya ufukweni, nikausuuza chumvi kwa maji ya mvua mpaka mgongo ukaniuma. Vyote nikavirundika, nikafunika, nikageuza, nikanyunyizia maji, nikageuza tena, hadi vikawa mboji nyeusi inayonukia mvua. Mboji ile ndiyo nikaijaza juu ya mchanga wa Bi Zeyana, tuta kwa tuta, mwaka baada ya mwaka. Dawa ya dukani haikuingia mule hata tone. Wadudu niliwapiga kwa majani ya mwarobaini na pilipili, na wakizidi kiburi niliwatukana.

Mwishowe ukitia mkono kwenye tuta unazama mpaka kiwiko. Mchicha unaota majani mapana, mnavu haukatiki, bamia laini, biringani zinang'aa, matikiti yamelala chini yamenona. Watu wa Raskazone wakawa wanapiga simu tangu Alhamisi kuweka oda ya Jumamosi. Kuna hoteli moja ilichukua giligilani na nyanya kwangu tu, mpishi wake akisema za sokoni hazinukii. Nilisomesha watoto kwa mboga zile. Nilimzika mume wangu kwa heshima kwa mboga zile. Sasa unanielewa ninaposema udongo ule ulikuwa maisha yangu.

Bi Zeyana alikuwa na kitu kimoja tu mule cha mkono wake. Kwake Raskazone walishamwaga saruji uani kote, basi akaja Mwambani kwa bajaji na mche wa mwasumini, akaupanda mwenyewe pembeni ya njia, amejifunga kanga kiunoni, bibi mzima wa watu. "Huu wangu," akasema. "Utie maji na mie nitakuombea dua." Kila Alhamisi alikuja kuchuma. Tunakaa chini, tunatunga vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaa kifuani, yeye ananisimulia ya Harub, mwanawe wa pekee aliyekuwa Maskati kwenye biashara. Harub hivi, Harub vile. Harub anakula nini huko. Mie namtilia maji mwasumini wake kila siku kabla ya matuta yangu. Nilimpenda bibi yule, na haki ya Mungu yeye naye alinipenda.

Akafa. Nikapika msibani siku zote za matanga, macho yamenivimba kwa moshi na kwa kilio.

Harub akarudi, na mkewe Najla. Matanga yameisha, sina habari, nipo shambani nafunga mafungu ya mchicha, gari likaingia. Mwanamume wa makamo, kanzu imenyooka, miwani ya jua. Mwanamke mzuri, simu mkononi inapiga picha kila kitu. Mie mtu mzima, mama wa watu, nimesimama pale na tope mpaka magotini. Shikamoo sikuisikia. Harub aliinama, akachota udongo kwenye tuta la biringani, akauponda kwa vidole, akaunusa.

"Najla, hebu ona," akasema. "Ardhi ya mama ina rutuba ajabu."

Ardhi ya mama! Nikamwambia, "Baba, alipokuwa nayo mama ilikuwa mchanga mtupu. Rutuba hiyo nimeileta mie."

Akanitazama kama anayetafuta nani kasema. Kisha akaendelea kumwonyesha mkewe. Hapa tutaweka kibao, hapa maegesho, hapa wageni watachuma wenyewe. Najla alikuwa na mpango wake wa bustani hai, isiyotiwa dawa, ya kuuza mboga hotelini. Hata jina alishalipata, Bustani ya Najla. Kumbe mie nilikuwa nimeshaondoka ila sijaambiwa.

Nikaenda kwa Mzee Suleimani, mwenyekiti wa mtaa wa huko Mwambani. Akatuita wote kibarazani kwake. Majirani nao wakaja, maana watu hawana kazi. Mzee Suleimani ni mtu wa haki lakini mpole mno. Akaanza kwa kumweleza Harub kwamba mama huyu kalima pale miaka, kwamba marehemu alimpa kwa mdomo wake, tutafute njia ya kiungwana. Harub akanyanyua mkono.

"Mzee, nami ni mtoto wa hapa, mila naijua. Nina swali moja tu." Akanigeukia. "Bi Asmahani, una mti mule?"

Mzee Suleimani alinitazama, na wallahi nilimwona anavyonisihi kwa macho. Niseme ndiyo. Niseme hata mmoja, mdimu, mwembe, chochote, naye angepata pa kushikia. Na ningeweza. Nani angekwenda kuhesabu? Lakini nilimwahidi bibi aliyelala kaburini.

"Sina," nikasema.

"Mpapai?" akauliza Mzee Suleimani, maskini, bado anajaribu.

"Mpapai si mti, mzee," akasema Harub, na watu wakacheka. Maneno yangu mwenyewe niliyomwambia mama yake. Bila shaka bibi alimsimulia kwenye simu kama kichekesho chetu, na yeye kakiweka akiba kuja kunipigia nacho.

"Basi hana kitu," akasema Harub. "Simfukuzi kwa ubaya. Nampa mpaka mwisho wa mwezi. Achukue alichokileta, atoke."

Mzee Suleimani akamuuliza, "Ndilo neno lako la mwisho?"

"La mwisho, mbele ya watu wote hawa. Achukue alichokileta, atoke."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu, guta la Safari linanifuata nyuma taratibu, anajua nikiwa vile siongeleshwi. Nilimkuta wifi yangu Mwanamkasi, dada wa marehemu mume wangu, anachambua mchele uani kwake. Nyumba zetu zimepakana hapo Mabawa. Nikakaa chini nikalia kama mtoto. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, sijui kipi kilizidi. Na hapo katikati ya kulia, nikanyamaza ghafla.

"Wifi," nikamwambia, "kasema nichukue nilichokileta."

"Majembe yako na ndoo zako, sindiyo?"

"Na udongo wangu."

Mwanamkasi akauacha ungo. Alinitazama, akatazama kiwanja chake cha nyuma, ardhi ngumu iliyopigwa jua, imejaa vigae na mifuko ya plastiki, hapaoti hata kwekwe. Kisha akaangua kicheko mpaka mtandio ukamdondoka. "Ulete hapa," akasema. "Ulete wote. Na panda utakacho, mpaka minazi. Mie sina mtu wa kuja kukuuliza una mti au huna."

Harub na mkewe walikuwa wamekwenda Dar es Salaam kununua vitu vyao vya bustani. Mie nikawaita wanawake wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Wale wanajua kuchimba roho za watu, seuze udongo. Walikuja na majembe, makarai, mifuko ya sandarusi na sufuria za pilau. Asubuhi tunachimba, mchana tunakula, alasiri tunachimba tena. Safari anapakia guta, anakwenda Mabawa, anamwaga, anarudi. Wanavyopita barabarani watu wanauliza, mnahamisha nini? Wanajibu, tunahamisha haki ya Asmahani. Mzee Suleimani alipita siku moja, akasimama, akatazama, akajitia hamnazo, akaendelea na safari yake.

Tulichimba udongo wote mweusi. Tulipofika kwenye mchanga mweupe tulisimama, maana mchanga ni wa Bi Zeyana na mie si mwizi. Nilisawazisha vizuri, nikafagia. Hata matumbawe niliyoyang'oa mwaka wa kwanza nikajenga uzio, niliubomoa nikayarudisha yalipokuwa. Mboga nilivuna zote, mipapai nikaikata, miche midogo nikaing'oa na mizizi yake nikaitia kwenye ndoo. Nilipomaliza, pale mahali palikuwa vilevile kama siku niliyopewa. Miiba tu ndiyo iliyokosekana, na hiyo nikasema itakuja yenyewe.

Ukabaki mwasumini. Ulikuwa umechanua kweli siku ile, mweupe wote. Safari akaja nyuma yangu akasema polepole, "Dada, huo uache na udongo wake."

"Mti wake," nikamwambia. "Udongo wangu."

"Dada, ni wa Bi Zeyana."

"Bi Zeyana kafa. Sasa ni wa Harub."

Nikachukua jembe mwenyewe. Nilichimbua kuzunguka shina, nikaukung'uta udongo mweusi kutoka kwenye mizizi kwa vidole vyangu, nikaifunika mizizi ile kwa mchanga, nikashindilia kwa mguu. Nilimkumbuka bibi amejifunga kanga kiunoni, nikamsikia anavyocheka habari ya mpapai. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko mapenzi, na sitakudanganya kwamba haikuwa tamu.

Siku ya uzinduzi wao sikuwepo, lakini nina watu. Magari yalikuja moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, kibao kimechorwa rangi ya kijani, wageni wa Najla wamevaa kofia za jua. Harub anatembea mbele anawaeleza rutuba ya ardhi ya mama, mpaka wakafika. Macho yakamtoka pima. Ati alisimama akageuka huku na huku kama mtu aliyepotea njia. Mgeni mmoja akauliza hapa ndipo maegesho? Najla akarudi garini akafunga mlango, hakutoka tena.

Simu yangu ikalia, bila shaka ni Harub. Nikaitazama ikilia, nikaiacha, maana nilikuwa namwagilia.

Jioni ile ile Harub alinishitaki. Tukakutana tena kibarazani kwa Mzee Suleimani, na safari hii watu walijaa mpaka barabarani. Kanzu yake imeingia vumbi.

"Ameiba ardhi yangu!"

Mzee Suleimani akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa. "Ardhi yako ipo, baba? Mipaka imesogea?"

"Ipo, lakini udongo hakuna!"

"Juu ya ardhi yako sasa kuna nini?"

"Mchanga! Mchanga mtupu!"

"Na kabla ya Bi Asmahani kuja kulikuwa na nini?"

Harub alikulia hapa, anajua. Mtu mmoja kule nyuma akajibu kwa sauti, "Mchanga!" na kibaraza kizima kikapasuka kwa kicheko. Mzee Suleimani akangoja watulie.

"Weye mwenyewe ulisema achukue alichokileta. Nilikuuliza kama ni neno la mwisho. Wafugaji waliompa samadi ninao hapa, wauza madafu ninao hapa. Unataka niwaite?"

Hakutaka. Alipokuwa anashuka ngazi alinipita, na nikamwambia kwa upole kabisa, "Ardhi umebaki nayo, Harub. Panda miti." Roho yangu ikatulia kwa mara ya kwanza tangu afe mama yake. Nilikula vizuri usiku ule, nikalala mpaka adhana.

Wengine wangeishia hapo. Mie sikuishia, maana nilitaka nimwone. Nilisikia wamenunua mbolea za mifuko, wakamwaga mchangani, mvua moja ikaizamisha yote. Walipanda mchicha ukatoka njano, bamia zikafa zingali vidole. Nilisikia Najla kachoka, karudi Maskati kwa kwao, na kibao cha kijani kimelala chali. Kila habari iliyokuja niliipokea kama anavyopokea mtu kahawa. Huku Mabawa matuta yangu yamesimama uani kwa wifi, mchicha umekubali, na wale wa Raskazone wanatuma bajaji mpaka mlangoni. Kwenye kona nimepanda mdimu, na mnazi, na mstafeli. Kila asubuhi naanza kuisalimia miti yangu kabla sijamsalimia mtu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikinichoma. Safari akipita Mwambani, sikumwuliza habari za mwasumini. Naye hakunieleza.

Basi ikawa siku moja alasiri, niko na Mwanamkasi tunapalilia, Safari amelala juu ya guta lake chini ya kivuli. Hodi ikapigwa. Nikasema karibu bila kutazama. Kugeuka, Harub. Amekonda. Hana miwani, kanzu haikupigwa pasi, na mkononi kashika ndoo ya plastiki. Ndani ya ndoo kuna mti umeng'olewa na mizizi, vijiti vimekauka, umebaki tawi moja lenye majani mawili matatu ya kijani.

"Shikamoo, Bi Asmahani."

Nilisikia vizuri, lakini nilimwacha angoje kidogo. "Marahaba."

"Unakufa," akasema, akaitua ndoo. "Nimeutilia maji asubuhi na jioni, haushiki. Nimeuliza watu, wote wananiambia udongo." Akachutama kando ya ndoo. "Mama alikuwa akinitilia asumini sandukuni kila nikisafiri. Nikifungua kule, nguo zote zinamnukia yeye. Mie mboga sikuzitaka, Bi Asmahani. Mboga alizitaka Najla. Mie sina kingine cha mkono wake ila huu. Hapa kwako kuna udongo. Nakuomba uniruhusu niupande."

Mwanamkasi alinivuta kanga. "Mwache mtoto wa watu apande," akaninong'oneza.

Huruma ilinijia. Sitasema uongo, ilinijia, kwa sababu ule mti ulikuwa ni bibi mwenyewe, na mkono ulioukung'uta mizizi ni huu wangu. Lakini alikuwa kashapiga magoti kwenye tuta langu la mbele, kashashika jembe langu dogo, anaanza kuchimba shimo kama yuko kwao. Nikamwona tena pale kibarazani, mkono umenyanyuka, ananiuliza mbele ya watu.

"Weka jembe chini," nikamwambia.

Akaweka.

"Ukiupanda weye, mti wa nani?"

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, uso ukamgeuka rangi. Mtoto wa hapa, mila anaijua.

"Wangu," akasema.

"Na ukiwa wako una neno humu kwetu. Unaingia utakapo, unatoka utakapo, na siku nikitaka kukutoa tukae kwa Mzee Suleimani. Sindiyo?"

"Bi Asmahani, mie sitaki ardhi ya mtu. Nataka mti usife tu."

"Basi nitaupanda mie. Kwa mkono wangu, kwenye udongo wangu, na mti utakuwa wangu. Utasema kwa mdomo wako, mbele ya wifi na mdogo wangu Safari, kwamba umenipa."

Safari alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye guta, anatutazama bila kupepesa. Harub akasema kwa sauti ndogo, "Ni wa mama yangu."

"Basi rudi nao Mwambani."

Harub aliugusa ule mti kwa kidole, lile tawi lililobaki, akawa anapanguza vumbi kwenye jani moja. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Nilisimama nikamtazama mpaka mwisho, kwa sababu hilo ndilo nililolingoja.

"Umekuwa wako," akasema.

"Sikusikia."

"Nimekupa, Bi Asmahani. Wifi yako na ndugu yako wamesikia. Mti ni wako."

Nikapiga magoti. Nilichimba shimo pana, nikaweka mboji ya chini kabisa, ile nzee, ile ile niliyoitoa kwenye mizizi yake siku ile nikaitenga kwenye mfuko mbali na nyingine, na hakuna aliyejua kwamba niliitenga, hata Mwanamkasi. Niliisimamisha mizizi, nikaifukia kwa vidole, nikaitilia maji ya mvua kutoka kwenye mtungi. Nikamrehemu bibi kimoyomoyo, nikamwomba radhi, nikamwambia kwangu hautakufa.

Nilipoinuka Harub bado yupo, mikono imemning'inia. "Nitaruhusiwa kuja kuchuma ukichanua?"

"Alhamisi," nikamwambia. "Ubishe hodi. Nikiwa na nafasi nitakufungulia."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika au ameshindwa, sijui. Hakuondoka. Alikuwa anautazama ule mti kama anaungoja umwambie kitu. Ndoo yake tupu ilikuwa miguuni pangu, ina mchanga kidogo chini, mweupe, wa Mwambani. Nikaiokota, nikampa mkononi.

"Haya, Harub. Chukua ulichokileta."

Akaichukua, akatoka.